Springi za nyuma za pikapu ya zamani: zipi ununue, zipi uziache dukani

Kabla hujatoka nyumbani kwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, egesha pikapu ikiwa tupu mahali palipo sawa. Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi juu yake, kisha pima upande wa pili. Yangu ilitofautiana sentimita tatu na nusu, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikilaumu tairi.

Halafu jilaze chini utazame springi yenyewe, yale mapande bapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo tunayaita majani. Jani likivunjika mara nyingi huvunjikia pale katikati, kwenye tundu la bolti inayoyashika majani pamoja, au karibu na jicho, yaani ile ncha iliyokunjwa duara ambamo pini hupita. Ukiona unga mwekundu wa kutu kati ya majani, yamekuwa yakisagana kwa muda mrefu. Ukiona alama ya kugongana kwenye ule mpira ulio juu ya ekseli, springi imelala na mpira ndio unaobeba mzigo.

Nipo Bombo, Uganda. Hilux yangu ni LN106 yenye injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8. Msimu wa mananasi inatoa mzigo vijiji vya Luweero na kuupeleka soko la Kalerwe. Siku nyingine inabeba watoto na madumu ya maji tu. Nataja hayo kwa sababu swali la kwanza dukani si "gari gani", ni "siku nyingi unabeba nini". Wengi wetu tunanunua springi kwa ajili ya ile siku moja ya mzigo mkubwa, halafu siku sita zilizobaki tunarushwarushwa kwenye matuta kama mahindi kwenye sufuria.

Bei sitaziandika hapa. Dola ikipanda nazo zinapanda, na sura yako ikionyesha haraka zinapanda zaidi. Uliza maduka matatu siku ileile.

Nafasi ya kwanza naipa jozi mpya ya kawaida, yenye idadi ya majani iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na lile jani nene lililonyooka chini kabisa ambalo huanza kazi mzigo unapokuwa mkubwa. Si lazima iwe kwenye boksi la Toyota. Kuna springi zinazotengenezwa Kenya, ambako kazi hii inafanywa viwandani kwa miaka mingi, na kuna za Asia za kila daraja. Nenda na vipimo vya springi yako ya zamani: urefu kutoka jicho hadi jicho, upana wa jani, unene wa kila jani, kipenyo cha jicho, na umbali kutoka jicho la mbele hadi bolti ya katikati. Hicho cha mwisho wengi hukisahau. Kwenye magari mengi bolti hiyo haiko katikati kamili, kwa hiyo springi isiyolingana, au iliyogeuzwa mbele nyuma, itasogeza ekseli na gurudumu halitakaa sawa ndani ya madigadi.

Springi mpya nayo ina uongo wake. Angalia jani la pili: kwenye springi iliyotengenezwa kwa akili ncha yake hukumbatia jicho la jani la kwanza, angalau upande wa mbele, ili jani la kwanza likikatika ekseli isikimbie. Angalia pia vibanio vya pembeni vinavyozuia majani kutawanyika. Viwe vimebana vizuri, visiwe bati jembamba la kukunjwa kwa mkono. Ukiweza, azima vernia upime unene. Jani lililopunguzwa milimita moja tu linapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, maana ugumu wa jani unafuata unene wake mara tatu, yaani unene mara unene mara unene.

Nafasi ya pili ni jozi ya mtumba kutoka gari la aina ileile, na hapa ndipo jicho lako linapolipwa. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo pikapu hizi za zamani zilizopo ndizo hizo hizo, na springi zake nyingi zimeshatumika kwenye barabara zetu za murramu kabla ya kufika mezani kwa muuzaji. Mtumba mzuri bado upo, ila unautafuta.

Siku moja nilionyeshwa jozi nyeusi tii, inang'aa kama kiatu cha Idi. Nikaomba kitambaa na petroli kidogo.

"Hajji, hii haina shida, imetoka kwenye gari la ofisi," kijana akaniambia.

"Sawa mwanangu, nipe tu kitambaa."

Nilifuta karibu na bolti ya katikati. Rangi ilitoka laini, bado mbichi, na chini yake kukaonekana mstari mwembamba kama unywele ukikata jani la tatu kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Kijana alicheka, akairudisha kwenye rundo. Nadhani iliuzwa jioni ileile.

Kwa hiyo: futa rangi. Gonga kila jani kwa nyundo ndogo ukiwa umeining'iniza springi. Lililo zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Tazama mahali ncha ya jani fupi inapokandamiza jani la juu yake; kama imechimba shimo, ufa utaanzia hapo. Kisha simamisha springi mbili zikiwa zimeelekeana, macho yakigusana, utazame kama zimepinda sawa. Tofauti ndogo isikutishe, kwani baadhi ya jozi hupindwa kidogo zaidi upande wa dereva. Na usinunue moja. Springi mpya upande mmoja na mzee upande wa pili ni gari linaloenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Ya tatu ni zile za Australia, kama Old Man Emu na Dobinsons. Kwa ubora tu ningeziweka juu kabisa. Zinauzwa kwa daraja la mzigo: za gari linalotembea tupu, za mzigo wa wastani wa kila siku, na za mzigo mzito wa kudumu. Nazishusha kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye pikapu ya zaidi ya miaka 25 fedha hiyo mara nyingi inahitajika kwingine, kwenye breki au usukani. Pili, nyingi zinainua gari. Hilux nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli, inayosoma jinsi gari lilivyolala. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, valvu inadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa na mananasi hadi juu ya kabini. Ukizinunua, hakikisha fundi anajua habari ya fimbo hiyo.

Ya nne: kubadilisha jani moja lililovunjika, au kupeleka springi Katwe kwa wahunzi wairudishie upinde. Jani moja linafaa kama mengine ni mazima na jipya lina unene uleule. Kurudisha upinde kunafaa kama kunafanywa kwa baridi, kwa nyundo au presi, hatua kwa hatua. Chuma cha springi kina ugumu wake kwa sababu kilichomwa, kikazimwa, kikachomwa tena kwa kiasi. Ukiona kinawekwa motoni hadi chekundu, kinapindwa, kisha kinaachwa kipoe chini ya mti, chukua springi yako uondoke. Itakuja imesimama vizuri sana, na mvua za Machi zitaikuta imelala.

Mwisho kabisa naweka kile tunachokipenda wote: kuongezea jani la gari lingine. Nililifanya hilo. Karakana moja iliniwekea jani nene la lori, na kwa wiki mbili nilitamba. Jani hilo lilikuwa gumu kiasi kwamba yale mengine hayakufanya kazi; kila pigo la barabara likaenda moja kwa moja kwenye chesisi. Mwezi wa tatu mkono unaoshika jicho la mbele ukapata ufa. Kuchomelea chesisi kulinigharimu kuliko jozi ya springi. Jani lililochomelewa kwa welding silipi hata nafasi. Joto la welding linaua ugumu wa chuma pembeni mwa kiungo, na litakatika hapohapo.

Sasa vile vitu vidogo, ambavyo watu hununua kwa fedha iliyobaki wakati vingefaa kununuliwa kwanza. Zile bolti nne zenye umbo la U na nati zake, nunua mpya kila mara. Ukizikaza zinavutika, na zilizovutika hazishiki tena kama mwanzo. Chukua na bushi, vile vifuko vya mpira au plastiki vinavyokaa ndani ya macho ya springi, za pande zote, zikiwemo zile za juu kwenye chesisi ambazo muuzaji atazisahau usipomkumbusha, pamoja na pini. Kwa vumbi letu napendelea bushi za mpira kuliko zile ngumu za plastiki ya rangi, ambazo hudumu lakini hulia kama mlango wa zizi zisipopakwa grisi yake ya silikoni. Bushi ya mpira usiipake grisi ya kawaida, mafuta yanaivimbisha; maji ya sabuni yanatosha kuiingiza.

Pini ya mbele ndiyo itakayokupotezea siku. Inashikana kwa kutu ndani ya bushi, na nyundo haiitoi. Anza kuimwagia dizeli siku mbili kabla. Yangu iligoma hata hivyo, nikaikata kwa msumeno wa chuma kuanzia saa nne hadi adhuhuri chini ya mwembe, mwanangu akinimulikia simu. Kama pini mpya isingekuwa tayari mfukoni, gari lingelala juu ya stendi wiki nzima.

Na stendi ziwepo kweli, mbili, chini ya chesisi mbele ya springi, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Jeki ni ya kushusha na kupandisha ekseli, si ya kulala chini yake. Fungua shokapu kwanza, na ekseli isiningʼinie kwa mpira wa breki.

Ukifunga, bolti za U zikazwe kwa zamu, kwa msalaba, zishuke sawasawa. Pini za bushi zikaze kwa kushika tu, shusha gari likae kwa magurudumu yake, ndipo ukaze za mwisho. Ukizimaliza gari likiwa hewani, bushi zitaanza maisha zimejinyonga. Tembea kilomita 500, kisha rudi na spana kwenye bolti za U. Zangu nne zote zilikubali karibu robo mzunguko.