Pete ya usiku: uliza jina lake kabla ya bei

Daktari alimuuliza mume wangu, Baba Salma, "Usiku inasimama?" Naye akajibu kama mtu aliyeonewa: "Daktari, usiku si nakuwa nimelala?"

Swali hilo ndilo pete hizi, zinazovaliwa kwenye uume na kutuma hesabu kwenye simu kwa Bluetooth, zimetengenezwa kulijibu. Kwa mwanamume mwenye afya, uume husimama mara 3 hadi 5 kwa usiku, usingizi unapofika hatua ya ndoto, atake asitake. Kama za usiku zipo ila ukifika wakati wa kazi jogoo hapandi mtungi, daktari ataanza kuulizia madeni, mawazo na ugomvi wa nyumbani. Zikiwa zimepotea nazo, atataka kupima sukari, presha na mishipa ya damu. Mishipa ya huko chini ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo mafuta yakianza kuganda, ya chini ndiyo huwahi kulalamika. Ndiyo maana sikucheka. Nilifungua pochi.

Nikaifungua vibaya. Pete yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa laki moja na themanini, boksi halina hata jina la kiwanda. Usiku wa pili wifi yangu yuko sebuleni, anahangaika kuunganisha spika yake na simu. Kimya. Halafu: "Wifi, humu ndani hiki ni cha nani?" Kwenye orodha ya Bluetooth, juu kabisa ya spika yake, kuna kifaa kimejitaja kwa Kiingereza ambacho hata mtoto wa darasa la tano anakisoma, pamoja na kiungo chenyewe. Nikasema labda ni cha jirani. Jirani yetu ni mjane.

Kila anayeandika kuhusu vifaa hivi anazungumzia chaji, ukubwa na rangi. Hili la jina halisemi mtu. Mara nyingi kifaa cha Bluetooth kikiwa kimeungana na simu hunyamaza; simu ikizima, kinaanza kujinadi upya kama muuza mitumba, na kila simu iliyo karibu inasikia. Simu ya Baba Salma ilikuwa imeisha chaji saa nne usiku. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji awashe pete hapo hapo dukani, wewe utafute kwa simu yako. Soma kilichoandikwa. Kisha uliza kama jina linabadilika, na kama pete inatunza kumbukumbu yenyewe bila simu kulala kitandani na nyinyi. Akikuambia "dada, hayo ni mambo madogo", ondoka.

Kwangu namba moja ni FirmTech ya Marekani, na sifichi kwamba naipendelea. Imebuniwa na daktari, ina kifungo cha kuifungua haraka, na imetengenezwa ya kulala nayo. Hilo la mwisho si dogo: pete za kawaida za kubana hazitakiwi kuzidi dakika 30, na kuna watu wanalala nazo. Hii inahesabu mara ngapi na kwa muda gani, asubuhi unasoma kwenye simu. Hata ikijitangaza kwa jina la kampuni, wifi atadhani ni fundi wa mabomba. Bei inauma, zaidi ya dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Na macho yawe wazi: kampuni hiyo hiyo inauza pia pete isiyo na kihisi chochote, na ukiagiziwa na mtu ndiyo atakayokuletea.

Ya pili ni RigiScan, lakini hiyo usinunue. Ukiikuta hospitali, lala nayo usiku 2 au 3. Ni kiboksi cha kufunga pajani chenye vitanzi viwili, kimoja shinani na kingine karibu na ncha, vinavyobana kidogo kila baada ya muda kupima ugumu. Ipo tangu 1985 na haijaona haja ya kupendeza.

Pete za kidoleni kama Oura zinapima usingizi, mapigo ya moyo na joto. Huko hazifiki. Saa janja nazo hazifiki, hata tangazo liseme nini.

Stempu za posta za kuzungushia na kuangalia asubuhi kama zimechanika? Zinafanya kazi nusu: mtu akijigeuza vibaya zinachanika, na hazihesabu.

Sasa wauzaji. Kwa nini kila kitu cha wanaume bei yake ni "njoo inbox"? Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi, mume ana miaka mingapi, ndipo bei inatungwa kulingana na aibu yako. Yule wa Kariakoo alinipunguzia sauti kana kwamba tunauziana pembe za ndovu, akaniongezea na kipakti cha vumbi la Mkongo "zawadi, dada yangu". Kipakti kilienda chooni. Nilipomtumia picha ya ile orodha kwenye simu ya wifi na kudai hela yangu, alinijibu kwa sauti ya sekunde nne:

"Dada, hiyo ina maana inafanya kazi."