Kulanti ya gari la spidi hapa Dodoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kulanti ni yale maji ya dawa ya kwenye rejeta yanayopooza injini. Dodoma hakuna barafu jamani, baridi ya mwezi wa saba inataka sweta tu, kwahiyo chupa ikijisifu inahimili mainasi 37 we pita. Shida zetu ni maji ya chumvi (chungulia birika lako lilivyoota magamba meupe, ndo rejeta nayo inavyokuwa) halafu mji uko juu, kama mita 1,100 toka usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Namba moja kwangu ni kulanti ya Kijapani iliyochanganywa tayari, ya pinki ya Toyota au ya bluu ya Subaru. Unafungua unamimina, huongezi hata tone la maji ya bomba. Bei imesimama, na Impreza ya tabo inakula lita 7 na ushee, ila ulizia kwanza bei ya kufungua silinda hedi (kile kichwa cha injini kinachokufa ikichemka) ndo urudi kulalamika. Ya Toyota wanasema ukishabadilisha ni km 80,000 au miaka 5, mimi kwa gari linalopelekwa treki (uwanja wa mbio) naimwaga kila miaka 2.

Namba mbili ni konsentreti, ile nzito isiyotiwa maji, unachanganya mwenyewe, na kama unakanyaga sana hii inaweza hata kuipiku namba moja, maana glaikoli (dawa kuu ya ndani ya kulanti) inachelewesha kuchemka lakini kubeba joto maji ndo fundi, kwahiyo huku kwetu nusu kwa nusu ya nini, lita 3 za kulanti kwa 7 za maji zinatosha, usishuke hapo dawa ya kutu itakuwa nyepesi. Maji yawe distilled, yale ya mvuke yasiyo na chumvi. Na dukani usiseme "maji ya betri" ukaishia hapo, mimi nilipewa asidi, chupa zinafanana kabisa, nimekuja kusoma lebo boneti iko juu tayari!

Tatu, distilled tupu na Water Wetter, dawa ya kuongezea kwenye maji ya rejeta. Hiyo ni ya gari la treki tu. Viwanja vingi vya nje vinakataza glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza kama sabuni na haikauki upesi. Kwa gari la kwenda nalo kazini hapana.

Nne ni kulanti ya kampuni ya Evans isiyo na maji, inachemka juu ya nyuzi 180, sawa, ila inabeba joto kidogo na injini lazima ikaushwe maji yote kwanza. Sasa hosi ikipasuka Mtera ukielekea Iringa utaongezea nini?

Mkiani kabisa ni ile ya kijani isiyo na lebo ya maana. Rangi sio kipimo. Niliwahi kuiweka, miezi mitatu nafungua plagi ya chini inatoka chai ya rangi iliyolala.

Halafu kagua kifuniko cha rejeta, springi ikichoka presha haikai na kulanti yoyote itachemka tu (usikifungue gari likiwa la moto, tafadhali). Subaru inashika hewa, inua pua ya gari ukijaza, acha injini izunguke mpaka mapovu yaishe. Uliyoimwaga funga kwenye dumu, ni tamu na ni sumu, na mbuzi wa mji huu hawajui uzio.