Tahadhari: Muuzaji wa Lenzi "ya Kupigia Mwezi" Hapa Kisumu

Wapiga picha wenzangu, kuna mtu anayeuza lenzi katikati ya mji ambaye angepaswa kuwa rumande hivi sasa, si kutafuta mteja mwingine.

Tulikutana mchana kweupe katika barabara ya Oginga Odinga, Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, siku moja kabla ya mwezi kupatwa. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamtumia hela mtu nisiyemwona, na huyu hakudai hata shilingi ya kutangulia. Alitoa lenzi ya milimita 300 kwenye mkoba wa ngozi, akafuta kioo chake kwa kitambaa safi, akaifunga mwenyewe kwenye kamera yangu ya Canon kwa pete nyembamba ya chuma, kisha akanikabidhi. "Omera, usiniamini mimi, amini macho yako," alisema, akinionyesha bango la duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nilizungusha fokasi taratibu, na yale maandishi madogo ya chini, ambayo kwa macho matupu hayasomeki, yakajitokeza wazi hata nikaona mahali rangi ilipobanduka. Nikampiga picha kinyozi aliyeketi mlangoni pake. Kope zake zilihesabika. Mtu anayekuachia ujaribu mali kwa mkono wako na kwa kamera yako, utamshuku kwa lipi? Nilimlipa shilingi 28,000 kwa M-Pesa papo hapo, naye akaniombea mbingu isiyo na mawingu.

Jumapili usiku, kivuli cha dunia kiliufunika mwezi wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Muda wote huo nilipata doa jekundu lisilo na ukingo, na pete ya fokasi ilikuwa imegota mwisho.

Lenzi ile ni ya FD, mfumo wa zamani wa kufungia lenzi, ambao Canon iliuacha mwaka 1987 ilipoleta kamera za EOS, kama hii yangu. Iliundwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu, ilhali EOS ina milimita 44, na pete isiyo na kioo ndani huongeza unene wake juu ya hapo. Kwa lenzi ya 300, hizo milimita 2 pekee hutosha kuizuia isilenge chochote kilicho mbali kupita mita 45 hivi. Bango lilikuwa ndani ya mita hizo; mwezi uko takriban kilomita 384,000. Tapeli huyu aliipima barabara kabla sijafika!

Nilipotaka kuelekeza kamera kwenye vilima vya Nandi kule mbali, alinigusa bega akanigeuzia kwa kinyozi. Halafu alinionyesha picha ya mwezi mwandamo aliyodai kuipiga jioni huko Dunga, ufukoni mwa ziwa hapa Kisumu: mwezi umesimama wima, ilhali huku kwetu kwenye ikweta hulala kama mtumbwi. Picha ni ya kuibwa kutoka nchi za mbali, na mwizi ni mwizi tu, wa picha au wa pesa.

Namba yake sasa haipatikani. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 3 kwa kujipatia mali kwa udanganyifu, na kwangu mimi hiyo ni michache mno. Nimekwisha kuandikisha taarifa polisi. Yeyote aliyeuziwa pete kama hiyo ajitokeze na ujumbe wake wa malipo ili jalada liwe zito.