Gereji walining'olea masega ya gari (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) ili nipunguze mafuta, gari likaanza kunuka na mafuta likala vilevile

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Fundi akiniharibia huwa nanyamaza, natafuta mwingine, maisha yanaendelea. Hawa nimeshindwa kuwanyamazia, kwa sababu mwanangu ana pumu, na kwa wiki kadhaa amekuwa akivuta moshi wa gari letu wenyewe, moshi niliotoa hela yangu mfukoni ili utengenezwe.

Gari ni Toyota IST, mnazijua, sina haja ya kueleza. Natoka nalo Mbezi alfajiri kwenda Kariakoo, njiani namshusha mtoto shuleni, jioni tunarudi pamoja. Kama mwishoni mwa mwaka jana likaanza kubugia mafuta. Ninayojaza Jumatatu yanitoshe wiki yakawa yanakata Alhamisi. EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya ile Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi roho iko juu, maana shilingi hamsini ikiongezeka kwenye lita inakwenda kutokea kwenye sufuria ya nyumbani. Nikaenda gereji niliyoizoea, ileile iliyolihudumia gari tangu nilinunue.

Fundi mkuu hakufungua hata boneti. Aliinama nyuma, akaweka kiganja kwenye ekzosi, akasimama. "Mama, masega yameziba. Gari halipumui, ndiyo maana linakula. Tukiyatoa litakuwa jepesi kama bodaboda."

Nikamuuliza, kwani hayana kazi? Akasema hayo Wajapani wamewekeana kwa sheria za kwao, huku kwetu mafuta ni machafu, kila mtu anatoa. Alivyolisema bila kusita, nikamwamini. Wakakata, wakachomelea kipande cha bomba tupu, nikalipa, nikaondoka.

Siku mbili tatu za mwanzo niliona kama kweli. Gari lilinguruma, nikikanyaga naona linachomoka. Nikawasifia hadi kazini, na mwenzangu mmoja akapeleka la kwake kwa maneno yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu ikaja harufu. Ilianzia kwenye foleni ya Kimara, gari limesimama, vioo viko chini kwa joto. Harufu kali ya kuchoma macho, kama petroli iliyochanganyika na kitu kilichooza. Nilidhani ni daladala ya mbele yetu. Daladala ikaondoka, harufu ikabaki. Mtoto akaanza kukohoa, na mimi nikawa nafika kazini kichwa kinagonga. Wiki hiyo tulitumia inhela mara nyingi kuliko mwezi mzima uliopita.

Mafuta je? Nikaamua kupima mwenyewe. Nilijaza tanki mpaka pampu ikakata, nikaandika kilomita, nikatembelea siku zangu, nikarudi kituo kilekile, pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikakata. Nikagawanya. Kilomita tisa kwa lita, haijafika hata tisa na nusu. Kabla ya kung'oa masega ilikuwa tisa hiyohiyo.

Nikarudi gereji na karatasi yangu. Hapa ndipo penye sababu ya mimi kuandika.

Alikuwa amekaa kwenye tairi na wateja wengine wawili, wanaume. Nikamsalimia, nikamweleza, nikamwonyesha hesabu. Karatasi hakuipokea. Alinitazama miguu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mama, gari halina shida. Shida ni huo mguu. Wanawake mnakanyaga kama mnaponda kisamvu." Wakacheka wote. Mimi nimeendesha gari miaka kumi na moja, nimekwenda Songea na kurudi peke yangu, na nilikuwa nimesimama pale na hesabu mkononi.

Nikamwambia basi nirudishie masega yangu. Akajibu, "Yale? Takataka zile tulishatupa." Nilipogeuka kuondoka, kijana mmoja wa pale akanifuata hadi mlangoni, akaninong'oneza: "Mama, hayatupwi yale. Kuna watu wanapita kununua." Ni kweli, na sababu yake si siri: ndani ya lile sega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Kwa hiyo nimemlipa mtu anikatie mali yangu, kisha mali akabaki nayo yeye.

Jirani akanielekeza kwa fundi umeme wa magari, mtu mpole wa makamo. Alichomeka kompyuta yake, akaniambia niwashe gari, tukaenda mzunguko mrefu huku anaangalia namba. Tuliporudi aliniuliza swali moja tu: "Nani amekutolea themostati?"

Sikuwa najua hata ni nini. Akanieleza: ni valvu ndogo inayozuia maji yasizunguke kwenda kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye gari kama hili nyuzi 80 na kidogo. Mafundi wengi hapa mjini huitoa gari likichemsha, wanasema nchi yetu ina joto, haihitajiki, kisha wanaiunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Gari langu lilikuwa linatembea barabarani saa nzima na joto la maji halivuki nyuzi sitini na kitu. Kompyuta ikiona hivyo inadhani ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada.

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana gari lilichemsha, nikalipeleka palepale. Risiti ninayo mpaka leo, imeandikwa "rejeta". Wao ndio waliotoa themostati bila kuniambia, gari likaanza kula mafuta kwa sababu yao, nikarudi kwao nikilia mafuta, wakaniuzia dawa ya kung'oa kitu kingine.

Na masega hayakuhusika kabisa na ulaji ule. Fundi huyu alinichorea: kabla ya masega kuna sensa ya oksijeni inayonusa moshi, inaiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kompyuta inasogeza kipimo kuelekea gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Masega yanakuja baada ya hapo. Kazi yake ni kuchukua sumu iliyokwisha kutoka kwenye injini, ikiwemo kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na kuigeuza kabla haijatufikia puani. Ukiyatoa injini haipunguzi hata tone, ila kinachotoka nyuma kinatoka kibichi. Na kile kiungo walichochomelea kilikuwa kinavuja, moshi unapanda chini ya siti. Maumivu yangu ya kichwa yalitokea huko.

Nataka kutenda haki. Inawezekana masega yangu kweli yalikuwa yameanza kuziba. Huyu fundi wa pili mwenyewe alikubali kwamba yakiziba hasa gari hukosa nguvu, na kuna njia ya kupima mgandamizo wa moshi ili kujua. Lakini kiganja cha mkono si kipimo. Tena mafuta yasiyoungua yakipita humo miezi na miezi ndiyo yanayoyaunguza masega, na hayo mafuta ya ziada yaliletwa na nani? Kuhusu mafuta machafu, zamani angekuwa na hoja, maana petroli yenye risasi iliua masega kwelikweli. Lakini risasi ilishaondolewa kwenye petroli ya nchi zetu tangu 2006! Ni karibu miaka ishirini.

Tukaweka themostati mpya, feni ikarudishwa kwenye utaratibu wake, kiungo kikachomelewa upya. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko nilizolipa kung'olewa. Nimepima kwa njia ileile, kituo kilekile: kilomita kumi na tatu kwa lita, foleni ikiwemo. Kwa safari zangu ni kama lita moja na robo inayobaki kwenye tanki kila siku, na kila lita ya petroli ikiungua inaacha hewani zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa. Mguu ni uleule.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota mbili, kwa sababu kwenye bushi, boli jointi na shokapu wanafanya kazi safi, gari halijawahi kugonga baada ya kutoka kwao. Nilitaka niseme wapelekeeni kazi za chini tu. Sasa nimefika hapa, nimekumbuka kile kicheko, nimekumbuka mwanangu anavyotafuta pumzi kwenye siti ya nyuma. Hapana. Hata shokapu msiwapelekee. Mtu anayetoa kitu kwenye gari lako bila kukuambia atatoa na kingine.

Yule mwenzangu wa kazini nimemweleza yote, na yeye lake linanuka. Jumamosi tunakwenda wawili, kila mmoja na risiti yake, kuulizia masega. Masega mapya bei yake sijaiweza, nadunduliza. Kwa sasa kwenye foleni napandisha vioo na kuwasha AC ya kuzungusha hewa ya ndani, na mtoto amehamia siti ya mbele, mbali kidogo na ekzosi.