Guangzhou: kwenda kutembea au kufuata mzigo?

Mtalii aliyefika Guangzhou, jiji la kusini mwa China, hupanda Mnara wa Canton, hupiga picha, hurudi na maoni yaleyale aliyoondoka nayo. Si kosa lake, hakuna aliyemhitaji. Mfanyabiashara wa Kariakoo hana anasa hiyo, ndiyo maana namwamini zaidi akinisimulia China. Pale Xiaobei, mtaa wa biashara wa Guangzhou, anabonyeza bei kwenye kikokotoo, mwenye duka anafuta, anaandika yake, wanacheka, wanaanza upya. Akishalipa arubuni, lazima ajue kwamba Mwaka Mpya wa Kichina viwanda hufungwa. Na mwenye duka naye ajifunze kuwa mzigo wa Idi haungoji. Ila ubia huu una ufa: kontena likifika na kandambili mbovu, hutukanwa Wachina wote. Mtalii, walau, hurudi bila kinyongo.