Dawa ya buluu ya kupima gesi kwenye rejeta: nimeitumia kwenye Impreza ya turbo hapa Goma

Kifaa hiki kinastahili bei yake. Ila kwenye gari la turbo lililoongezwa nguvu, kikisema "ndiyo" kiamini, kikisema "hapana" bado usilale.

Ni mrija wa plastiki wenye vyumba viwili, balbu ya mpira ya kufyonzea hewa, na kichupa cha dawa ya buluu. Nimelipa dola 35 pale Birere. Kazi yake ni moja tu: kuonyesha kama gesi ya silinda inavujia kwenye maji ya kupozea, maana yake gasketi ya hedi (hedi ni kifuniko cha juu cha silinda; gasketi yake mafundi wetu huiita joint culasse) imekwisha, au hedi imepasuka. Kabonidayoksaidi iliyomo kwenye gesi hiyo ikipita ndani ya dawa, buluu inageuka kijani, halafu njano.

Gari nililopimia ni Impreza WRX ya lita 2, yenye turbo kubwa kuliko ya kiwandani, intakula (kipoza hewa ya turbo) imehamishiwa mbele ya rejeta, presha ya turbo bar 1.3. Mjini linatulia. Likipanda kuelekea Kibumba kwa gia ya tatu, mguu chini, linachemsha.

Usikimbilie dawa kwanza. Magari mengi yanayochemsha hayana shida ya gasketi, na hapa kwetu kuna sababu ambayo mtu wa Dar hana. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) ya injini hizi za Subaru huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80, na inafunguka kabisa kwenye 91. Kwa hiyo kizibo cha maji kilichochoka, kisichoshika presha, kinakuachia nyuzi nne tu kati ya themostati wazi na maji kuchemka! Kizibo kizima cha bar 1.1 kinasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Na hewa yenyewe ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na pwani, hivyo feni ileile na rejeta ileile zinatoa joto kidogo zaidi huku. Ukiongeza intakula iliyokaa mbele inayopulizia rejeta hewa ya moto, hesabu inaanza kubana.

WRX ina vizibo viwili: cha tangi dogo la juu karibu na turbo, na cha rejeta. Cha tangi la juu ndicho chenye presha ndogo, na ndicho kinachotoa maji ya ziada kwenda kwenye chupa ya akiba. Nimeona vimebadilishana nafasi mara nyingi baada ya gari kupita gereji. Soma namba iliyoandikwa juu ya kila kimoja.

Halafu sikiliza gari linachemsha lini. Likisimama kwenye foleni: angalia feni, rilei, na lile bati la plastiki linaloelekeza upepo wa feni, ambalo watu hulitoa ili wapate nafasi ya mabomba. Kwa mwendo wa kasi tu: rejeta imeziba au mpira wa chini wa rejeta unafyonzwa na kubanana. Mwambie mtu akanyage hadi mizunguko 4,000 huku wewe unautazama mpira huo. Baada ya kukandamiza turbo tu: hapo ndipo gasketi inaingia kwenye orodha, pamoja na mchanganyiko wenye petroli kidogo na taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iliyochelewa. Joto lisome kwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), si kwenye sindano ya dashibodi, maana sindano ya kiwandani hukaa katikati muda mrefu hata joto likipanda. Na kama maji yamepungua sana, sensa inapima mvuke na inaweza kukudanganya kwa namba ya chini.

Pampu ya kupima presha ya mfumo wa maji ndiyo inayofuata. Injini ikiwa baridi, pandisha bar 1.1, usizidishe, subiri dakika 15. Sindano ikishuka na chini pakavu, toa plagi. Plagi iliyo nyeupe na safi kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, inatoka kwenye silinda inayokula maji.

Sasa dawa. Fungua tangi la juu injini ikiwa baridi, kamwe si ya moto. Punguza maji sentimita 5 hivi kutoka mdomoni, kwa sababu tone moja la antijeli (dawa ya maji ya rejeta) likiingia kwenye dawa, dawa hiyo imekufa, imwage. Washa injini hadi themostati ifunguke, jaza dawa hadi mstari, kandamiza mrija kwenye mdomo wa tangi, minya balbu polepole kwa dakika moja hadi mbili. Fanyia nje: moshi wa ekzosi ndani ya gereji iliyofungwa unaweza kuigeuza njano bure. Kabla ya kuanza, ijaribu dawa kidogo kwa pumzi yako. Isipobadilika rangi, imeharibika, pengine na jua dukani.

Hapa nina lawama. Koni ya mpira haikai sawasawa kwenye mdomo wa tangi la WRX, inafyonza hewa ya pembeni, na hewa hiyo inakupa buluu ya uongo. Nimekata pete ya upana wa vidole viwili kutoka mpira wa ndani wa tairi la pikipiki nikaivisha koni. Imeshika vizuri. Vali ya balbu nayo hunata, ipulize kwanza.

Injini ikiunguruma kawaida, dawa ilibaki buluu kabisa. Ndiyo "hapana" niliyoisema. Kwenye bar 1.3, boliti za hedi zinavutika kidogo sana, hedi inainuka, gesi inapenya, kisha ukitoa mguu inakaa tena kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo zamisha mpira wa chupa ya akiba kwenye chupa angavu ya maji, iliyofungwa imara ndani ya boneti, ukandamize turbo mara tatu au nne mlimani, urudi uitazame. Mapovu hayakuja ovyo, yalikuja kwa mpigo, na mizunguko ikipanda yanaharakisha. Mpira wa juu ukabaki mgumu hadi asubuhi, injini baridi. Kipimo cha pili, baada ya injini kupoa kiasi cha kufungua kizibo salama, kiligeuka njano kabla ya dakika kwisha.

Tiba yake ni gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, boliti za studi, na hedi kusawazishwa. Ikipinda zaidi ya 0.05 mm usiirudishe hivyo. Wakati wa kujaza, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta na weka hita ya gari kwenye joto la juu, kwa sababu themostati ya Subaru iko chini, upande wa pampu. Povu la hewa likikaa hapo, themostati haipati maji ya moto na haifunguki.

Maji yenyewe: ya ziwa hapana, Kivu ina chumvi nyingi na itaacha magadi ndani ya rejeta. Ya mvua pia hapana, moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya iwe na asidi. Tumia maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu na antijeli.

Wenye Hilux za dizeli: kwenu dawa ikifika kijani ni jibu tosha, msisubiri njano. Na kichupa kikiisha, dawa ya kujazia huuzwa peke yake. Mrija usiutupe.