Sanduku la joto la kuuguzia ndege: linafaa, ila usiiamini namba ya kwenye kioo

Ndege mgonjwa hafi kwa ugonjwa peke yake. Mara nyingi baridi na njaa humwahi kabla. Mwili wake unahitaji kukaa kwenye nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, na akishaacha kula hana akiba ya kulitunza joto hilo. Ndiyo maana anafura manyoya na kusinzia mchana. Sanduku la joto humpunguzia mzigo huo, na kwa kazi hiyo tunalipa alama za juu kuliko taa ya joto inayoning'inizwa juu ya tundu.

Tunazungumzia lile la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, lenye hita nyuma ya ukuta wa matundu, feni ndogo na themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima hita ili joto libaki pale ulipoliweka. Kuta zake laini hazinasi kucha wala bawa lililovunjika. Trei ya chini huchomoka bila kumshika ndege, na hapo ndipo linaposhinda tundu la kawaida. Tandika karatasi nyeupe, si maranda wala mchanga, ukisome kinyesi kila asubuhi: sehemu ngumu, sehemu nyeupe, na maji yaliyozunguka. Kikiwa kidogo, chembamba na cha kijani kilichokoza, ndege hali, hata kama umemwona akichezea punje. Wengi hudanganywa na maganda yaliyobaki kwenye kibakuli.

Kasoro kubwa iko kwenye sensa, kile kidude kinachopima joto la ndani. Katika mengi ya masanduku haya imefungwa juu, karibu na hewa inayotoka kwenye hita. Kioo cha kuonyesha joto kitasoma nyuzi 30 huku sakafuni, alipojikunyata mgonjwa, kukiwa na baridi zaidi. Nunua kipimajoto cha pembeni, kiweke usawa wa mgongo wa ndege, uwashe sanduku likiwa tupu mpaka namba itulie ndipo umwingize. Kwa kasuku wadogo na chiriku anzia 28 hadi 30. Baada ya hapo mtazame ndege mwenyewe. Akiendelea kufura, ongeza nyuzi 1. Akiachanisha mabawa na kuhema mdomo wazi, joto limezidi, punguza mara moja. Ila mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi hata baada ya joto kupungua, huo ni ugonjwa wa kupumua. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Themostati haitibu hilo.

Kasoro ya pili ni ufupi wa sanduku. Joto likiwa sawa kila kona, ndege hana pa kukimbilia themostati ikiharibika. Chagua refu, lenye hita upande mmoja, ili achague mwenyewe pa kukaa. Hapa taa ina nafuu, lakini ile inayotoa mwanga humnyima usingizi usiku kucha.

Kabla ya kulipa, uliza kama hita au sehemu yoyote inayopata moto imepakwa PTFE, ile ile ya vikaango visivyoshika. Ikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Muuzaji asipojua jibu, acha.

Kijiti cha kusimamia kinachokuja nalo huwa juu mno. Kishushe mpaka sentimita 2 au 3 kutoka sakafuni, au kitoe kabisa kama mguu umevunjika, na uweke taulo iliyokunjwa ya kumwegemeza. Chakula na maji viwe karibu na mdomo wake. Usimmiminie maji mdomoni kwa bomba la sindano. Yakipita kwenye njia ya hewa humuua haraka kuliko kiu. Hita hukausha hewa, basi weka sifongo yenye maji mahali asipoifikia. Kuta zikitoa jasho, matundu ya hewa yamezibwa. Funika pande tatu kwa kitambaa, matundu yabaki wazi.

Mizani haimo, nayo ni lazima: ya kidijitali, inayosoma gramu 1 au chini ya hapo. Pima kila asubuhi kabla hajala. Kasuku mdogo wa gramu 35 akipungua gramu 3 na nusu amepoteza asilimia 10, na hiyo ni safari ya daktari siku hiyo hiyo.

Usafi ni rahisi mradi hita na feni zinatoka. Osha kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha paka dawa ya klorini, sehemu 1 kwa maji sehemu 32, subiri dakika 10, suuza na kausha mpaka harufu iishe kabisa.

Ndege akianza kula na uzito kupanda, usimtoe ghafla. Shusha nyuzi 1 au 2 kwa siku hadi ufikie joto la chumba. Akifura tena, rudi kwenye namba ya jana. Themostati inayoruka nyuzi 5 kwa kila kitufe haiwezi kazi hii, hata sanduku likiwa la bei rahisi namna gani.